Juisi sio tunda, jamani

Wiki hii nimeisikia mara nne, na ya nne ndo imenikalisha niandike. Mtu kaja, sukari iko juu, namuuliza unakula nini, ananijibu kwa kujiamini kabisa "dokta mimi kwa matunda usinitanie, kila asubuhi glasi mbili za juisi freshi, na siweki sukari." (Mi sio dokta, mi mtu wa lishe, ila hilo nimeshachoka kulisahihisha.)

Hapo kwenye "siweki sukari" ndo pananiudhi. Huweki kwa sababu imo tayari! Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa ina sukari gramu 20 na ushee, imetoka kwenye machungwa kama matatu hivi, sasa niambie lini ulikaa ukatafuna machungwa sita kabla ya kwenda kazini. Ungefika la tatu taya limechoka na tumbo limesema basi. Ila ukishakamua na kuchuja, zile nyuzinyuzi nilizokuwa nakuhitaji uzile zinaenda kwenye ndoo ya taka, we unabaki na maji, vitamini na sukari isiyo na wa kuizuia njiani. Ndo maana WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015 sukari ya juisi imeiweka kapu moja na ya soda na asali, hata kama umekamua mwenyewe, ila iliyomo ndani ya tunda zima haikuigusa. Mtabisha kwamba sukari ni ile ile. Ni ile ile kweli, tatizo ni mwendo. 1977 kuna jaribio watu kumi walipewa tufaha zima, lililopondwa, na juisi yake, wanga sawa kote: zima liliwachukua dakika 17, juisi dakika moja na nusu, na juisi ndo ilishibisha kidogo kuliko zote.

Smuzi je? Hapo navuta pumzi. Kwa nadharia blenda inavunja kila kitu, lakini kuna majaribio ya matunda yenye vijimbegu ambapo sukari ya damu haikupanda kuliko kwa tunda zima, kwa hiyo usipochuja sikugombezi.

Mboga haraka haraka: gramu 400 kwa siku pamoja na matunda, viazi na mihogo hamna humo, karoti weka mafuta kidogo, na usichemshe mpaka maji ndo yawe na vitamini C kuliko mboga. Hiyo 400 yenyewe msiiabudu, wanaokula mboga nyingi mara nyingi ndo hao hao wanaofanya mazoezi na hawavuti sigara, kutenganisha kipi kimefanya nini ni kazi.

Yule wa nne nikamwambia ale machungwa yenyewe. Kafikiria weeee, halafu: "na nikiyakamua nikanywa na makapi yake?"

Sawa. Ila kwa kijiko.