Je, wajua kwa nini wakulima wa shayiri Uingereza huhesabu joto badala ya wadudu?

Shayiri ya majira ya baridi hupandwa Uingereza mwezi Septemba na Oktoba, ikavunwa Julai mwaka unaofuata. Novemba yote shamba laweza kuonekana zima kabisa. Kisha baridi inapoanza kulegea hujitokeza mabaka ya manjano, na ndani yake mimea imedumaa. Huo ni udumavu wa manjano, ugonjwa wa virusi ulioingia shambani tangu vuli. Ukiwahi mimea ikiwa michanga, unaweza kumnyima mkulima nusu ya mavuno yake.

Anayeueneza ni kidukari, mdudu mdogo anayefyonza mimea, hasa wa spishi za Rhopalosiphum padi na Sitobion avenae. Virusi hivi huishi kwenye mirija inayosafirisha sukari ya mmea, na ndimo kidukari anamonyonya. Akivipata, hupenya utumbo wake vikafika kwenye mate, naye huvibeba hadi kufa.

Tazama lile baka, maana umbo lake ndilo linalosimulia kisa. Kidukari mwenye mabawa hutua na kuambukiza mmea mmoja au michache. Kama mambo yangeishia hapo, hasara ingekuwa ndogo. Lakini huyo huzaa bila dume, tena huzaa watoto hai, wasio na mabawa. Hawazaliwi na virusi. Huvinyonya kwenye mmea uleule ambao mama yao aliuambukiza. Wakikua nao huzaa, na uzao huo ndio unaotambaa hadi mimea ya jirani, hatua kwa hatua, ndipo doa moja linapokuwa baka.

Kwa hiyo swali la maana ni lini wajukuu watazaliwa, na hilo huamuliwa na joto. Tangu shayiri ichomoze, mkulima huchukua wastani wa joto la kila siku, akatoa nyuzi 3, akajumlisha kinachobaki. Jumla ikifika 170, kizazi cha watembea kwa miguu kimekaribia. Siku zikiwa na wastani wa nyuzi 11, jumla hiyo hutimia kwa wiki tatu hivi. Zikiwa na nyuzi 6, huchukua karibu miezi miwili. Akipulizia dawa, huanza kuhesabu upya, kwa kuwa majani yanayochipuka baadaye hayana kinga.

Mimi naona hesabu hii ina thamani kuliko dawa yenyewe. Mwaka 2018, Uingereza ikiwa bado mwanachama, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya mashambani ya dawa tatu za kuua wadudu za jamii ya neonikotinoidi, zilizokuwa zikipakwa kwenye mbegu. Zilizobaki ni hasa za jamii ya pairethroidi, na tayari baadhi ya Sitobion wa Uingereza wamejenga usugu dhidi yake. Kupulizia ovyo pia huua buibui na nyigu wadogo, maadui wa kidukari.

Kuchelewa kupanda husaidia, ingawa udongo uliolowa humpa mkulima taabu nyingine. Nyasi na maotea ya nafaka yaangamizwe wiki kadhaa kabla ya kupanda, la sivyo vidukari huhamia moja kwa moja kwenye miche.

Halafu kuna jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo Ryd2, iliyopatikana katika shayiri za Ethiopia. Mmea wenye jeni hii huambukizwa, ila virusi havizaani sana ndani yake, nao huendelea kukua na kutoa masuke.