Homa ya nimonia isiposhuka siku ya tatu: kuhusu mpira wa kifuani

"Daktari, akitolewa maji si ndiyo basi tena?" Swali hili tunalisikia sana wodi ya watoto hapa Mwanza, tukishamwambia mzazi kuwa nimonia imejaza maji kifuani mwa mwanawe. Mama ametoka Ukerewe kwa meli, baba yuko dagoni, kambi ya wavuvi, na simu haipatikani, na kijijini alisikia kuna mtoto alitobolewa mbavu akafa. Hofu yake naielewa. Ila kinachoua ni usaha uliokaa kifuani, na mpira unaopitishwa ubavuni ndio njia ya kuutoa.

Pafu limefunikwa kwa utando wa tabaka mbili, katikati kuna unyevu kidogo wa kulainisha. Nimonia ikichachamaa, maji hujaa hapo. Yakiwa machache na mepesi, mara nyingi hukauka kwa dawa za sindano peke yake. Vijidudu vikishaingia yanageuka usaha mzito kama uji, kisha yanajigawa vyumba vyumba kama sega la nyuki. Hapo mpira mmoja huenda usitoshe, na wengine huhitaji upasuaji wa kubandua ganda linalolibana pafu. Ndiyo maana siku mbili za kumsubiri baba arudi kutoka ziwani ni nyingi mno.

Mtoto aliyetumia dawa siku mbili hadi tatu na homa bado inapanda, mbavu zinabonyea akihema, au upande mmoja wa kifua hauinuki kama mwenzake, mrudishe hospitali. Mhesabie pumzi akiwa ametulia: wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi, wa miezi 2 hadi 11, ni 50. Usimbadilishie dawa dukani, na nakuomba sana, usimpeleke kukatwa kimeo.

Tukishathibitisha kwa eksirei au utrasaundi, tunampa dawa ya maumivu na ganzi, kisha tunapitisha mpira ubavuni, chini ya kwapa, juu tu ya ubavu mmoja, kwa kuwa mishipa ya damu hupita upande wa chini wa kila ubavu. Ncha ya pili inazama kwenye chupa yenye maji, sakafuni. Maji hayo yanazuia hewa kurudi kifuani. Keti uutazame mrija: maji yanapanda na kushuka kila mtoto anapohema. Yakiacha kucheza, mwite nesi. Chupa isiinuliwe kitandani hata wakati wa kudeki, maana kilichotoka kitarudi ndani. Mpira ukichomoka, ziba tundu kwa kitambaa safi na upige kelele uitiwe msaada.

Chanjo ya nimonia ipo nchini tangu 2013, bila malipo, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Inapunguza sana balaa hili.

Akiruhusiwa, dawa huendelea nyumbani kwa wiki kadhaa, hata kama ameshaanza kukimbizana na wenzake mwaloni. Mrudishe kliniki tarehe iliyoandikwa, na ile eksirei ya kwanza uje nayo.