Dairekta wa tamthilia tu? Haya, Sidney Lumet tumweke wapi

Juzi harusini mzee mmoja kaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia naongoza tamthilia. Akacheka, "aah, zile za kulipualipua! Sasa filamu za kweli utaanza lini mwanangu? Haraka haraka haina baraka." Nikasema sawa mzee, nikarudi kwenye pilau langu. Ila nimechoka jamani. Kila mtu anaamini dairekta akitoa kazi nyingi, tena katokea kwenye TV, basi analipua, yani anafanya haraka bila umakini. Sasa mchukue Sidney Lumet, dairekta wa filamu wa Marekani.

Lumet kazaliwa Philadelphia 1924, kakulia New York, wazazi watu wa jukwaani na yeye mwenyewe akapanda jukwaa tangu mtoto, akaenda vitani, akarudi, 1950 akaingia CBS, kampuni ya TV ya Marekani, kama msaidizi wa dairekta na muda si mrefu akawa dairekta kamili. TV ya drama enzi hizo ilikuwa laivu, yani mwigizaji akisahau mstari nchi nzima inaona, hakuna teki ya pili, hakuna edita wa kukuokoa. Filamu yake ya kwanza ikatoka 1957, 12 Angry Men, stori ya wanaume 12 wa baraza la mahakama wanaobishana kesi ndani ya chumba kimoja, nayo ilianza kama mchezo wa TV laivu wa 1954. Ilishutiwa kwa siku kama 19 hivi.

Hizo siku 19 ndo watu wanazikimbilia, "unaona, alikimbiza!" Hapana bwana. Kabla ya kamera kuwaka waigizaji walifanya mazoezi wiki mbili nzima. Halafu anayekula muda kwenye seti sio mwigizaji, ni taa. Kugeuza kamera uangalie ukuta wa pili maana yake unahamisha taa zote upya, na aliyewahi kusubiri mtu wa taa saa nzima huku jenereta linakunywa mafuta anajua nasema nini. Lumet akaamua: taa zikishakaa upande mmoja, anashuti kila kitu kinachoangalia upande huo, kiti kwa kiti, hata kama mstari mmoja ni wa mwanzo wa stori na unaofuata ni wa mwisho. Kwa hiyo kuna ugomvi pale wa waigizaji Henry Fonda na Lee J. Cobb ambao nusu yake ilishutiwa wiki nzima hivi kabla ya nusu nyingine! Wewe unaona watu wawili wanafokeana, kumbe hasira ya huyu ni ya wiki jana. Bila yale mazoezi hilo haliwezekani, mwigizaji asingekumbuka moto wake ulifika wapi.

Na bado kuna lenzi. Mwanzoni kamera iko juu ya usawa wa macho na lenzi ni pana, milimita 28 mpaka 40, yani inaona eneo kubwa. Katikati inashuka usawa wa macho, mwishoni iko chini na lenzi zimefika 75 na 100, zinazoona eneo dogo, dari linaanza kuonekana, chumba kinawabana wale wanaume 12 mpaka unataka kufungua dirisha mwenyewe. Wakitoka nje, lenzi pana tena, unapumua. Huo ndo ulipuaji?

Nikiri kitu hapa. Ujanja huo niliujaribu kwenye tamthilia yangu, hakuna mtazamaji aliyegundua, aliyegundua ni mwigizaji mmoja tu, akalalamika pua yake inaonekana kubwa. Kwa hiyo saa nyingine nawaza, labda ni script na waigizaji ndo wanabeba, sisi wa lenzi tunajipa sifa.

Filamu zaidi ya 40, na sio zote nzuri. The Wiz ya 1978 ilikuwa na Diana Ross na Michael Jackson, pesa za kutosha, na ikabuma sokoni. Tena hiyo ndo ya bajeti kubwa, wakati ile ya chumba kimoja watu wanaiangalia mpaka leo! Oscar ya dairekta aliteuliwa mara nne, hakuchukua hata moja, ikaja ya heshima 2005.

Na 2001, baada ya yote hayo, akarudi TV kutengeneza tamthilia ya mahakama, akashuti kwa kamera za kidijitali. 2007 akiwa na miaka 83 akatoa filamu ya mwisho, nayo ya kidijitali, wakati vijana wengi wa umri wangu walikuwa bado wanabishana kama hiyo ni sinema kweli.

Yule mzee kanitumia meseji jana, ana mjukuu anataka kuigiza kwenye tamthilia. Nimemjibu mazoezi ni Jumatatu saa mbili asubuhi, wiki mbili, asichelewe.