Kiasmo: X ya mpitano, si X ya Kristo

Mwezi uliopita nilihudhuria semina ya Biblia, na siku ya pili mwalimu akachora X kubwa ubaoni. Akasema hicho ndicho kiasmo. Kwamba neno hilo latokana na Kristo, kwa kuwa jina lake kwa Kigiriki linaanza na X. Na kwamba popote Maandiko yanapojirudia, Mungu ameweka X yake hapo. Mfano aliotoa ni Zaburi 136. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa akinakili kila neno kwenye daftari lake. Hii ni mara ya nne au ya tano nasikia somo hilohilo, na wanaolisikia wanaondoka nalo kwenda kuwafundisha wengine. Ndiyo maana naandika.

Kiasmo ni mpangilio ambamo mambo yaliyotajwa kwa mfuatano fulani yanarudi kwa mfuatano uliopinduliwa: A na B, kisha B na A. "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato" (Marko 2:27). Hicho ni kiasmo kizima.

Sasa hilo jina. Wagiriki wana herufi iitwayo khi, huandikwa X. Kwa umbo lake wakapata kitenzi chenye maana ya kutia alama ya X, kupitanisha vitu viwili, na kutoka hapo likaja khiasmos, yaani mpitano. Andika A na B mstari wa juu, B na A mstari wa chini, kisha unganisha A na A, B na B kwa kalamu. Mistari itakatana katikati, na X utaiona kwa macho yako. Jina limetoka kwenye mchoro huo, basi. Plato, aliyekufa zaidi ya miaka 300 kabla Yesu hajazaliwa, alishaeleza vipande viwili vilivyopitanishwa kwa umbo la khi. Ni kweli kwamba Khristos huanza na herufi hiyohiyo, na Wakristo wa kale waliipenda, wakaiunganisha na herufi ya pili ya jina hilo ikawa nembo yao. Lakini kuanza kwa herufi moja hakuyafanyi maneno mawili kuwa ndugu. Kristo ni neno la kupakwa mafuta. Kiasmo ni neno la kupitana. Tena waliotunga viasmo vya Agano la Kale walitunga kwa Kiebrania, na khi haimo katika alfabeti yao.

Kosa la pili linanisumbua zaidi, nalo ni kuita kila marudio kiasmo. Zaburi 136 ina mistari 26, na kila mmoja unaishia kwa fadhili zake kuwa za milele. Hicho ni kiitikio: mmoja anaimba, mkutano unajibu. Hakuna kilichopinduliwa. Zaburi 8 inaanza na kumalizika kwa maneno yaleyale ya kulitukuza jina la Bwana. Ncha zake mbili zimefungwa pamoja, lakini ncha pekee hazitoshi kuifanya kiasmo. "Neno lako ni taa ya miguu yangu, na mwanga wa njia yangu" (Zaburi 119:105) ni usambamba, yaani vipande viwili vinavyosema jambo moja kwa maneno tofauti, na hapa umenyooka: taa kisha miguu, mwanga kisha njia, hatua zote zinaelekea upande mmoja. Robert Lowth, profesa wa ushairi, aliueleza usambamba wa namna hii katika mihadhara yake ya Oxford iliyochapishwa mwaka 1753. Mwaka 1820 John Jebb, kasisi wa Ireland, akaonyesha kwamba baadhi ya mistari hairudi kwa kunyooka, inarudi kinyumenyume. Kwa hiyo kiasmo ni aina moja ya usambamba, na si kila usambamba ni kiasmo.

Aliyesoma ushairi wetu anaweza kuuliza kama hii si pindu. Hapana. Katika pindu maneno ya mwisho ya ubeti mmoja yanaufungua ubeti unaofuata, na shairi linasonga mbele kama mkufu. Kiasmo kinarudi kwa njia kiliyojia.

Kuna jambo ambalo msomaji wa Biblia ya Kiswahili hawezi kuliona asipoambiwa. Zaburi 19:1 kwetu husomeka imenyooka: mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake. Kwa Kiebrania nusu ya pili imepinduliwa: kwanza kazi ya mikono yake, kisha kutangaza, anga mwisho. Mstari unaanzia mbinguni na kuishia angani. Mwanzo 9:6 inaniuma zaidi, kwa sababu kwa Kiebrania kiini chake ni maneno sita tu: mwaga, damu, mwanadamu, mwanadamu, damu, mwaga. Tafsiri yetu imelivunja pindo hilo, ilhali Kiswahili kingeweza kulibeba: amwagaye damu ya mwanadamu, kwa mwanadamu damu yake itamwagwa. Na sisi tuna bahati ambayo Kiingereza hakina. Kwa Kiebrania dam ni damu na adam ni mtu, maneno yanayoitikiana. Kwetu damu na mwanadamu yanaitikiana vilevile. Hapo mpangilio ni sehemu ya hukumu: kilichotoka mkononi mwa mtu kinarudi juu yake hatua kwa hatua.

Wakati mwingine kiasmo kinatusaidia hata kuelewa nani alifanya nini. Mathayo 7:6 inataja mbwa, kisha nguruwe, kisha kukanyaga, kisha kugeuka na kurarua. Ukisoma kwa kunyooka, utadhani nguruwe ndio wanaorarua. Wafafanuzi wengi husoma kwa mpitano: nguruwe wanakanyaga lulu, mbwa wanageuka na kurarua.

Limebaki suala la katikati. Wengi wanafundisha kwamba siri ya kiasmo imo katikati yake. Kiasmo cha A-B-B-A hakina kitu katikati. Kina mkunjo tu. Chenye kitu katikati ni mpangilio mpana zaidi, na mfano wake tunao nyumbani: kanga. Ina pindo huku na huku, na mji ndani. Habari ya gharika husomwa hivyo: siku 7, 7, 40, 150, kisha 150, 40, 7, 7, na kwenye mji wake "Mungu akamkumbuka Nuhu" (Mwanzo 8:1). Naupenda usomaji huo, ila haki isemwe: siku 7 za Mwanzo 7:4 na zile za 7:10 ni wiki ileile, kwa hiyo wanaosema hesabu imevutwa kidogo wana hoja. Hata kwenye kanga yenyewe, jina haliandikwi katikati kabisa ya mji, huandikwa chini kidogo.

Na Zaburi 118:8 kuwa mstari wa katikati wa Biblia nzima, kama ujumbe wa WhatsApp unavyodai, si kweli. Biblia ya Kiingereza ya King James ina mistari 31,102. Hesabu hiyo ni shufwa, kwa hiyo hakuna mstari mmoja wa katikati. Ipo miwili, na yote imo katika Zaburi 103. Isitoshe, namba za mistari tunazotumia ziliwekwa na wachapaji wa karne ya 16.

Kwa hiyo, mama yangu wa daftari, X usiifute. Futa neno Kristo uliloandika kando yake, na chini ya mikono ya ile X andika Isaya 6:10 kama ilivyo: moyo, masikio, macho, macho, masikio, moyo. Zaburi 136 iimbeni kama mlivyoizoea, mmoja akianza na wengine wakiitikia.