AutoCAD: leya "kujibadilisha" maana yake nini?

Mchoraji anayetumia AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, akilalamika kwamba leya (tabaka la kupangia vitu vya mchoro) imejibadilisha yenyewe, anaweza kuwa anasema moja kati ya mambo mawili, na kila moja lina chanzo chake. La kwanza ni leya inayotumika kuhama, yaani ile inayopokea kila kitu kipya unachochora. La pili ni kitu kimoja kuangukia leya usiyoitarajia, huku leya inayotumika haijasogea hata kidogo.

Kuyatenganisha ni kazi ya sekunde chache. Tuseme uko kwenye leya UKUTA, umeweka kipimo cha chumba, nacho kimeingia VIPIMO. Andika CLAYER, inayotaja leya inayotumika, kwenye mstari wa amri, bonyeza Enter, usome jibu. Likiwa UKUTA, basi hujahamishwa. Kilichofanya kazi ni DIMLAYER, mpangilio ulioingia na toleo la 2016, unaovipeleka vipimo vipya kwenye leya iliyotajwa humo. Hachi, yaani michoro ya kujaza eneo, nazo zina mpangilio wao, HPLAYER. Ukitaka vifuate leya unayotumia, andika jina la mpangilio, kisha jibu kwa nukta peke yake.

Mipangilio hiyo miwili huhifadhiwa ndani ya faili la mchoro. Ndiyo maana mchoro uliotumwa na mwenzako unakusumbua wakati michoro yako imetulia. Wapo wanaokimbilia kufuta programu na kuisakinisha upya. Ni kazi bure, maana wakifungua faili lile lile watakuta tabia ile ile.

CLAYER ikitaja leya nyingine, ujue kuna amri iliyokuhamisha. Mimi humshuku kwanza LISP, vile viprogramu vidogo ambavyo ofisi nyingi hurithishana bila kujua aliyeviandika. Kiprogramu cha kuweka mlango, kwa mfano, huhamia leya MILANGO, huchora, halafu hukurudisha ulikokuwa. Sasa ukibonyeza Esc katikati, na mwandishi hakuweka sehemu ya kushughulikia makosa, ile hatua ya kukurudisha haifiki. Unabaki MILANGO, na ukuta unaofuata unatoka kwa rangi ya milango. Kwa kuwa hutokea siku ulizobonyeza Esc tu, utaapa kompyuta ina virusi. Dawa ni kurekebisha LISP yenyewe. Nyingine ya kuangaliwa ni amri ya LAYMCUR: ukiibonyeza kwa bahati mbaya kisha ukagusa kitu, leya ya kitu hicho ndiyo inakuwa yako.

Kuna na kinyume chake, ambacho nadhani ndicho kinachowapata wengi. Mstari umebaki umechaguliwa pembeni ya skrini, hujauona. Unafungua orodha ya leya ili uhame, unachagua SAMANI. Kinachohamia SAMANI ni ule mstari, wewe umebaki pale pale. Bonyeza Esc kabla ya kugusa orodha hiyo.

Mengine ni kawaida ya programu. Bloku, yaani vitu vilivyofungwa pamoja kuwa kimoja, ikivunjwa kwa EXPLODE, vipande vyake hurudi kwenye leya vilikochorwa. Na FILLET, amri ya kuviringisha kona, ikiunganisha mistari miwili ya leya tofauti, tao jipya huenda kwenye leya inayotumika, hata kama si ya mstari wowote kati ya ile miwili.