Kichanga mgonjwa awe tayari kabla gari halijawashwa

Mtoto mchanga akipewa rufaa, ndugu huuliza gari litafika lini na dereva atakwenda mwendo gani. Nawaelewa. Mimi kazi yangu ni kuwapokea watoto hao wanaposhushwa, na swali langu la kwanza kwa muuguzi aliyewasindikiza huwa hili: alipoondoka alikuwa na joto kiasi gani? Mengi ninayoyakuta mlangoni mwa wodi yetu yalishaamuliwa kule alikotoka.

Joto la kawaida la kichanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi. Njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, wa kilo moja hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hawezi kutetemeka ili ajipashe joto, na ngozi yake laini hupitisha maji na joto upesi. Nepi ikilowa, mlango wa gari ukifunguliwa mara mbili tatu, tayari ameanza kupoa. Akipoa, hutumia sukari na oksijeni nyingi kupambana na baridi. Sukari inashuka, damu inazidi asidi, mishipa ya mapafu inabana, na aliyekuwa akipumua kwa shida sasa anaacha kupumua kabisa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, kuhusu watoto wenye uzito mdogo sana, ulikuta kila nyuzi moja iliyopungua wakati wa kupokelewa ikiambatana na ongezeko la asilimia 28 la uwezekano wa kufa. Kuambatana hakuthibitishi kwamba baridi ndiyo iliyoua. Hata hivyo, sijaona sababu ya kumwondoa mtoto akiwa baridi wakati kofia, nguo kavu na kifua cha mama vipo. Mtoto aliyetulia anaweza kusafiri kwa njia ya kangaruu, yaani ngozi kwa ngozi kifuani, mradi aliyembeba amefungwa mkanda na kuna anayemtazama rangi na pumzi.

Pumzi nayo inataka maandalizi. Kwa mtoto wa kilo moja, mrija wa kumsaidia kupumua, unaopitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, huingizwa takriban sentimita 7 kutoka mdomoni. Ukisogea sentimita moja tu, huenda ukachomoka au ukaingia pafu moja. Ndani ya gari linalotikisika huwezi kusikia kifua vizuri kwa stetoskopu, kwa hiyo mrija wenye mashaka urekebishwe kabla ya kuondoka. Oksijeni ikokotolewe kwa muda mara mbili ya safari inayotarajiwa, maana foleni haitoi taarifa.

Mwendo wa kasi unanitia hofu kuliko kuchelewa kidogo. Mishipa midogo ndani ya ubongo wa njiti ni dhaifu, na hatari ya kuvuja damu ni kubwa zaidi katika siku 3 za kwanza, siku zile zile ambazo rufaa nyingi hufanyika. Mitikisiko, kelele, shinikizo la damu na kabonidioksidi mwilini kupanda na kushuka vyote humchosha. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliwatazama waliozaliwa kabla ya wiki 28: waliohamishwa ndani ya saa 48 walipata madhara makubwa ya ubongo zaidi kuliko waliozaliwa kwenye hospitali yenye huduma za juu na kubaki hapo.

Ndiyo maana, uchungu wa mapema ukianza na muda ukiruhusu, napendelea mama ahamishwe mimba ikiwa bado tumboni, akiwa ameshachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Akiwa karibu kujifungua, abaki. Kuzalia njiani ni hatari kwa wote wawili.

Mtoto akishazaliwa, mama naye asisahaulike. Tunahitaji maziwa yake, ridhaa yake, historia ya mimba yake. Ikiwa hali yake hairuhusu kusafiri, karatasi ya rufaa ibebe namba yake ya simu, pamoja na saa aliyozaliwa mtoto, saa ya kila dawa aliyopewa, kama alipata vitamini K ya kuzuia kuvuja damu, na kipimo cha mwisho cha sukari na joto.