Folda ya kushea inaonekana leo kesho haipo: anza na rauta, achana kwanza na folda

Wakuu, kazi ninayoitiwa sana majumbani siku hizi sio virusi wala kompyuta kugoma kuwaka, ni hii ya "fundi, jana folda ilikuwa inafunguka vizuri kwenye laptopu ya mama watoto, leo haipo kabisa, na kesho asubuhi utakuta imerudi yenyewe". Nikifika nakuta mtu ameshafuta shea akaitengeneza upya, ameweka Everyone na Full Control (yaani kila mtu afanye chochote), amezima fayawoli yote, na bado inapotea vilevile. Lazima ipotee, maana folda haikuwa na tatizo tangu mwanzo, tatizo liko njiani kati ya mashine mbili.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu jiulize: haionekani, haifunguki, inakataa paswedi, au inafunguka alafu inakatika katikati ya kazi? Hizo ni shida nne na kila moja ina chanzo chake, ukizichanganya utahangaika wiki nzima.

Kipimo changu cha kwanza ni kirahisi sana. Nenda kwenye mashine yenye folda, fungua Command Prompt, andika ipconfig, angalia namba ya IPv4, tuseme ni 192.168.1.20. Sasa nenda kwenye mashine nyingine, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika \\192.168.1.20\picha (picha ni jina la folda uliyoshea). Ikifunguka kwa namba wakati kwa jina inagoma, basi mtandao wako ni mzima, kinachokusumbua ni majina tu. Ikigoma hata kwa namba fungua PowerShell uandike Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445 (445 ndo mlango Windows inaopitishia folda za kushea), ukiona TcpTestSucceeded inasema True ujue njia iko wazi na sasa uhamie kwenye mambo ya paswedi na ruhusa. Ikisema False usipoteze muda kwenye folda, kuna kitu kimeziba njiani. Mimi ping, ile amri ya kuuliza kama mashine nyingine inajibu, siitegemei sana hapa kwa sababu fayawoli ya Windows inaweza kuinyamazia ping huku folda zikifanya kazi vizuri tu.

Na kinachoziba mara nyingi kuliko vyote, kwa nyumba zetu hizi, ni rauta mbili. Watu wa faiba wanakuja wanafunga boksi lao, lina waifai yake. Waifai haifiki chumbani, mwenye nyumba ananunua rauta yake dukani anaichomeka kwenye lile boksi, intaneti inafika kila kona na kila mtu anafurahi. Lakini sasa una mitandao miwili ndani ya nyumba moja, boksi linagawa namba za 192.168.100 kitu fulani na rauta mpya inagawa za 192.168.0, na laptopu inashika waifai yoyote yenye nguvu mahali ulipokaa. Ndo maana folda inaonekana ukiwa sebuleni na ukienda chumbani inayeyuka, mtu anadhani ni mashetani kumbe amehama mtandao. Na kinachochanganya zaidi ni kwamba aliye nyuma ya rauta ya pili anaweza kuifikia kompyuta iliyo upande wa boksi kwa namba yake, lakini aliye upande wa boksi hawezi kurudi ndani, kwa hiyo mmoja anasema inafanya kazi na mwingine anasema haifanyi na wote wawili wanasema kweli. Dawa yake ingia kwenye seti za rauta mpya uiweke kwenye Access Point, yaani isambaze tu waifai ya boksi bila kutengeneza mtandao wake. Kama haina hiyo, zima DHCP yake (kazi ya kugawa namba), ipe namba isiyogongana na ya boksi, alafu waya unaotoka kwenye boksi uchomeke kwenye tundu la LAN badala ya lile la WAN (la kuingizia intaneti). Ukimaliza hapo cheki pia kama kuna mtu aliyeunganisha laptopu kwenye waifai ya wageni, ile imetengenezwa makusudi vifaa visionane.

Windows yenyewe nayo ina swali lake, mtandao huu ni Public (wa watu wote) au Private (wa nyumbani). Ukihamia waifai mpya yenyewe huichukulia Public na inafunga mambo ya kushea, sawa kabisa kama uko mgahawani, ila kwa nyumbani ibadilishe iwe Private kwenye kila mashine. Watu wengi wanazima fayawoli nzima kwa sababu ya hiki kitufe kimoja tu.

Kuhusu namba kubadilika: umeme ukikatika na kurudi, rauta inaweza kugawa namba upya, ya 20 ikawa 23, na shotikati zote ulizotengeneza zinaelekea kwenye mashine ambayo haipo. Ingia kwenye rauta, tafuta Address Reservation, ifunge namba hiyo kwa kompyuta yenye folda, basi, hutaigusa tena.

Sasa lile dirisha la Network linaloonyesha kompyuta za nyumbani, mimi naomba msilitegemee. Zamani orodha ile ilitegemea SMB1, itifaki (lugha) ya zamani ya kushea mafaili, na kuanzia Windows 10 toleo la 1709 la Oktoba 2017 Microsoft walianza kuiondoa kwenye Windows inayoinstoliwa upya. Siku hizi kazi ya kujitangaza inafanywa na huduma inaitwa Function Discovery Resource Publication, na mara nyingi inakuwa haijawaka. Fungua services.msc, itafute, iweke Automatic (Delayed Start) kwenye kila mashine inayoshea, orodha itatulia. Lakini hata isipoonekana pale, folda inafunguka kwa kuandika njia yake, kutokuonekana sio kutokuwepo.

Hapa kuna jambo linaniuma kweli. Ukitafuta mtandaoni utakutana na video kibao zinasema "washa SMB 1.0 kwenye Windows Features, tatizo kwisha". Jamani msifanye hivyo. WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa, ilipita kwenye udhaifu wa SMB1 hiyohiyo, ilisambaa yenyewe kutoka mashine hadi mashine bila mtu kubofya chochote, hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa, na Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi. Eti leo mtu anaurudisha mlango ule nyumbani kwake, kwenye mashine yenye picha za harusi na vyeti vya watoto, ili aone tu jina la kompyuta kwenye orodha. Kama una skana ya zamani au TV inayodai SMB1, hamisha mafaili kwa flashi.

Paswedi. PIN unayoandika ukiwasha kompyuta haitambuliki kwenye mtandao, inatakiwa paswedi yenyewe ya akaunti, na akaunti isiyo na paswedi kabisa Windows inaikatalia kuingia kutoka mashine nyingine. Na ukiwa na apdeti ya 24H2 ya Windows 11 toleo la Pro, kuingia kama mgeni bila paswedi kumefungwa, ndo maana watu wengi, hadi wenye disk zinazochomekwa kwenye mtandao wa nyumbani (NAS), walishangaa mambo yamesimama ghafla baada ya apdeti. Mimi natengeneza akaunti moja ya kawaida kwenye mashine yenye folda, net user nyumbani * /add kwenye Command Prompt ya admin, naipa paswedi, na wote wanaingia kwa hiyo. Paswedi ikibadilika ufute ya zamani kwenye Credential Manager, pale Windows inapotunza paswedi, la sivyo laptopu itaendelea kupeleka ileile ya zamani kimyakimya. Alafu kumbuka ruhusa ziko sehemu mbili, Sharing na Security, na yenye kubana zaidi ndo inashinda. Na ukikuta mafaili mengine yanafunguka na mengine hayafunguki ndani ya folda moja, mara nyingi yale yanayogoma yalihamishwa kwa kukata na kupesti ndani ya disk ileile, faili likihamishwa hivyo linakuja na ruhusa zake za zamani.

Ile ya kukatika katikati, kwanza angalia kama mashine yenye folda inalala, iweke isilale ikiwa kwenye umeme, na kwenye Device Manager toa tiki ya kuruhusu kadi ya mtandao izimwe kuokoa chaji. Ile alama nyekundu ya X kwenye draivu ya mtandao (folda ya kushea uliyoipa herufi) isikutishe, Windows inakata muunganisho ambao haujatumika kwa dakika 15, ukibofya inarudi. Ila programu za zamani za mahesabu hazijui kubofya, zinaanguka, kwa hizo andika net config server /autodisconnect:-1 kwenye Command Prompt ya admin ya mashine yenye folda. Kama folda iko kwenye disk ya nje, ipe herufi ya kudumu kwenye Disk Management, kwa sababu ikichomoka ikarudi kama F badala ya E shea inakufa. Na mashine yenye folda ifungwe kwa waya, sio waifai, hapo sina mjadala.

Ukishafanya yote na bado inakatika, fungua madirisha mawili ya Command Prompt kwenye laptopu inayolalamika, moja ping -t ya rauta, lingine ping -t ya kompyuta yenye folda (hakikisha kwanza inajibu), uyaache yakimbie huku unafanya kazi. Siku folda ikikatika angalia, zote mbili zikiwa zimekatika shida ni waifai ya hiyo laptopu, ikikatika ya kompyuta peke yake nenda kakague waya wake, tundu la swichi na seti zake za kulala.